Mapango Yetu Hayana Majoka

Ukitoka Himo ukapanda na barabara ya Marangu, utafika kwenye eneo lenye mapango ambayo Wachaga waliyachimba kwa mikono. Watalii hulipa kuyaona. Mlango ni mwembamba, unaingia kwa kuinama au kutambaa, kisha ndani panafunguka: hapa walilala watu, hapa walifichwa ng'ombe na mbuzi, hapa palipikwa. Yalichimbwa zama za kunyang'anyana mifugo, Wamasai wakipanda kutoka nyikani na wamangi nao wakishambuliana wenyewe kwa wenyewe. Waongozaji husimulia kwamba mlangoni alikaa mlinzi na rungu, akimsubiri adui atangulize kichwa.

Sasa chukua mchezo wa Dungeons & Dragons. Watu wanne au watano wenye silaha wanatoka mbali. Wamesikia kuna pango. Wanaingia kwa kutambaa, wanaua kila anayeishi humo, wanabeba mali, wanatoka wakiwa na nguvu kuliko walivyoingia, wanatafuta pango lingine. Hao ndio mashujaa.

Mtu aliyezaliwa chini ya mlima huu anapaswa walau ajiulize: katika hadithi hiyo, bibi yangu yuko upande gani wa mlango?

Nauliza kwa sababu kikundi chetu cha michezo ya mezani hapa Himo kina pendekezo. Tuko 11. Kuna bodaboda wawili, mwalimu mmoja, wauza duka, wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, na mama mmoja muuza ndizi ambaye nitamrudia. Hazina yetu ni shilingi 43,000. Pendekezo linasema tuchangishane mpaka ifike laki nne, tuagize vitabu vitatu vya Dungeons & Dragons, "ili tuache kucheza vitu vya kubahatisha tucheze mchezo wenyewe". Maneno hayo ya mwisho yamo kwenye daftari la kikundi. Ninayapinga yote, na hilo la "mchezo wenyewe" nalipinga zaidi ya laki nne.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya namna hii, mchezo si mgumu kuueleza. Watu wanakaa kuizunguka meza. Kila mmoja anakuwa mtu mwingine: mwizi, mganga, askari. Anayeongoza hadithi anasema, mto umefurika na daraja limekwenda, mnafanyaje? Kila mmoja anasema mhusika wake anafanya nini, na pale ambapo haijulikani kama atafaulu, dadu inarushwa. Hakuna skrini, hakuna bando, na mara nyingi hakuna mshindi. Dungeons & Dragons ndio uliotangulia kuchapishwa, mwaka 1974 huko Marekani, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, watu waliotoka kwenye michezo ya vita ya askari wadogo wa sanamu. Hilo la askari likumbuke. Miaka 50 baadaye bado ni mkubwa kuliko mingine yote, kiasi kwamba wengi hudhani ni huo tu, kama tunavyoita kila sabuni ya unga Omo.

Lakini wenzake walianza kuzaliwa mapema sana. Traveller ulitoka mwaka 1977, nao uliwapeleka watu kwenye nyota. Katika toleo lake la kwanza mhusika wako angeweza kufa wakati bado unamtengeneza, kabla hujacheza hata dakika moja. (Kuna watu wanauona huo kuwa ubaya. Mimi nauona ni ukweli wa maisha.) Call of Cthulhu wa Sandy Petersen ulifuata mwaka 1981, na humo wahusika ni watu wa kawaida wanaopeleleza mambo ya kutisha; kadiri wanavyojua mengi ndivyo akili zao zinavyovunjika. Kwa hiyo anayekwambia kuna mchezo mmoja tu na mingine ni kubahatisha amekosea kwa zaidi ya miaka 40.

Nianze na fedha, kwa sababu ndilo jambo dogo. Vitabu vya msingi ni vitatu, kila kimoja karibu dola 50. Hapo hujasafirisha wala hujapita forodhani. Watetezi wananijibu kwamba kanuni za msingi zinapatikana bure. Ni kweli. Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast, ambayo iko chini ya Hasbro, ilitaka kubana leseni iliyokuwa wazi tangu mwaka 2000. Wachezaji na wachapishaji wadogo wakaja juu dunia nzima, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikarudi nyuma, ikaziachia kanuni hizo zitumiwe na yeyote. Nilifurahi kama wengine. Ila zilizoachiwa ni kurasa 403 za Kiingereza.

Tulicheza kwa kurasa hizo miezi mitatu mwaka jana. Kaka mmoja aliyetoka chuo alizisoma zote kwenye simu yake, na kwa hilo nampa heshima. Alikaa upande mmoja wa meza, sisi upande mwingine. Kwenye kikundi yupo binti wa kidato cha tatu ambaye siku za soko humsaidia mama yake kuuza, na anaweza kubishana bei mpaka mteja akamwomba radhi. Kwenye meza ile alikuwa bubu. Kila akitaka kufanya jambo ilibidi kwanza aulize: kaka, hii inaruhusiwa? Na kaka anapekua, anatafsiri, anasema inaruhusiwa lakini una hasara ya namba kadhaa. Wiki ya tano binti akawa anakuja kutazama. Wiki ya saba hakuja. Hakuna aliyemfukuza.

Nimeambiwa shida hapo ni Kiingereza, na dawa yake ni kutafsiri. Mwalimu wetu amejitolea. Namheshimu mwalimu, lakini tukitafsiri kurasa 403 kwa Kiswahili safi tutakuwa na kurasa 403 za Kiswahili safi zinazohesabu kitu kilekile.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, na kwa mtu wa Himo haihitaji mifano ya mbali. Sote tunaijua lumbesa. Kwa nini gunia linashonewa kilemba juu? Kwa sababu mnunuzi analipa kwa gunia, halipi kwa kilo. Mkulima anajua anaibiwa, dalali anajua, serikali imepiga marufuku mara ngapi, na bado magunia yenye vilemba yanapita. Badilisha kipimo, weka mizani, na kilemba kinakufa chenyewe bila mahubiri. Kanuni za mchezo ni kipimo. Kile zinachokihesabu ndicho watu watakacholeta mezani.

Dungeons & Dragons unahesabu nini? Katika matoleo ya mwanzo ulihesabu dhahabu iliyotolewa pangoni na viumbe waliouawa, na kwa hesabu hiyo mhusika akapanda daraja. Siku hizi mwongozaji anaweza kutumia njia nyingine, lakini fungua karatasi ya mhusika uone imejaa nini: namba za kupiga, namba za kuzuia kupigwa, uhai uliobaki, silaha. Kurasa na kurasa ni za mapigano. Mazungumzo na jirani yana kurushwa dadu mara moja. Ndiyo maana kila meza ya mchezo huo, hata iliyoanza kwa nia njema ya kutatua mgogoro wa shamba, kufikia saa tatu usiku kuna mtu ameshachomoa panga. Wale askari wa sanamu hawajawahi kuondoka mezani.

Kuna na jambo la makabila. Mpaka toleo la mwaka 2024, kitabu cha wachezaji kiliwagawa wahusika kwa neno la Kiingereza linalomaanisha mbari, na kwa muda mrefu kila mbari ilikuwa na tabia yake ya kuzaliwa: hawa werevu, hawa wana nguvu, wale waovu toka tumboni. Neno limebadilishwa, na nawapongeza. Lakini sisi ambao tangu shule ya msingi tunasimuliwa kichekesho cha Mchaga na sarafu iliyoanguka kaburini, hatukuhitaji kulipia dola 50 kupata kitu cha namna hiyo.

Watetezi wanasema: basi, badilisha majina. Mfalme awe mangi, msitu uwe msitu wa Kilimanjaro, joka liwe zimwi la hadithi za bibi. Wameshanionyesha hata ramani, nayo ni nzuri, Kibosho na Marangu na Rombo zote zimo. Lakini ukimwita mfalme mangi na bado mhusika wangu anapata nguvu kwa kuua, umenishonea lumbesa kwenye gunia jipya.

Tulipoachana na kurasa 403 tulijaribu Fiasco, wa Jason Morningstar, uliotoka mwaka 2009. Mchezo huo hauna mwongozaji kabisa. Kila mchezaji ana dadu nne za kawaida, zile za ludo, nusu rangi moja na nusu nyingine. Hatujengi mashujaa; tunajenga uhusiano. Wewe na wa kushoto kwako ni ndugu, wewe na wa kulia mna siri ya fedha. Kisha kwa zamu kila mmoja anapata tukio lake, na wenzake wanampa dadu nyeupe au nyeusi kadiri tukio linavyomwishia vizuri au vibaya. Ni hadithi za watu wenye tamaa kubwa na breki mbovu. Kanuni zake tulielezana kwa Kiswahili kwa muda wa chai kupoa.

Tukaamua hadithi yetu iwe hapa hapa, mwaka 1983. Wazee wanajua maana yake. Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, na haukufunguliwa mpaka mwishoni mwa 1983. Sabuni haipo, sukari haipo, mafuta ya kula hayapo. Kahawa inashuka usiku kuelekea Taveta, na bidhaa za Kenya zinapanda. Halafu mwaka huohuo ikaja operesheni ya Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu mwenye katoni moja ya ziada ndani ya nyumba akawa halali usingizi.

Mama muuza ndizi alikuwa amekuja kumfuata mwanawe. Ana miaka zaidi ya 60. Akasimama mlangoni, akasikiliza vijana wakisema mambo ya 1983 kama sinema, akashindwa kuvumilia. "Sabuni haikuwekwa dukani ikaonekana hivyo, wanangu." Tukamwambia, karibu mama, kaa, uwe karani wa duka la ushirika. Akakaa. Bodaboda wetu mmoja akawa mdogo wake, na katoni mbili za sabuni za Kenya ziko chini ya kitanda cha mdogo mtu. Msako umefika kijiji cha pili.

Kijana akataka kukimbia na pikipiki. Mama akamwangalia. "Pikipiki gani? Mwaka huo?" Kisha akaanza kuuliza maswali, kwa sauti ya mtu anayefunga hesabu. Nani mwingine anajua. Mkeo anajua. Mama mkwe je. Zamu yake ilipofika alisema hivi: karani anaingia usiku na mbuzi ya kukunia nazi, anakaa chini, anaikuna sabuni yote, mche kwa mche, mpaka vidole vinavimba. Anabeba kwa ndoo, anaimwaga kwenye mfongo. Akanyamaza kidogo. "Asubuhi mfongo mzima ulikuwa na povu. Kila kihamba cha chini kikajua."

Hakuna aliyerusha dadu. Tulikaa tukiliona lile povu likishuka kwenye migomba, kwa majirani waliokuwa hawajaoga na sabuni miezi minne. Mama hakusema kama aliliona au alilibuni, na hatukumwuliza. Binti wa kidato cha tatu, ambaye alikuwa amerudi baada ya kusikia vitabu vimewekwa kando, akaomba zamu. Akasema yeye ni mtoto wa jirani wa chini, ameamka mapema kuchota maji, naye hatamwambia mtu. Ila ana nguo za shule za kufua, na karani anajua kwamba amemwona. Tulimaliza saa nne kasoro usiku.

Katika kitabu cha laki nne, karani wa duka ni mtu wa kukuuzia kamba na taa njiani kuelekea pangoni. Hana mstari wa kuandika deni, hofu wala aibu mbele ya mama mkwe.

Halafu nasikia tukiitwa wageni wa michezo hii, kwamba lazima tuanze na ule mkubwa ili tujifunze misingi. Misingi gani? Mtu aliyekulia kwenye Kiswahili na vitendawili amekwisha kufanya hivi akiwa na miaka sita. Unatega kitendawili, wenzako wanashindwa, wewe unadai mji. Wanakupa mji: Tanga, au Nairobi, au hata Marangu Mtoni. Nawe huwezi kutoa jibu mpaka kwanza uende. Unasema nilifika huko, nikakaribishwa hivi, nikala hiki na kile, watu wa huko wakaniambia hili. Unabuni safari yako papo hapo mbele ya watu wanaokungoja uteleze, kisha ndipo unalifungua fumbo. Mhusika upo, sehemu ipo, kanuni ipo ya nani aseme na lini, na zawadi yenyewe ni haki ya kusimulia. Ukisema mtu wa namna hiyo anahitaji kurasa 403 ili ajue kujifanya yuko mahali pengine, sijui tunaongelea watu gani.

Hoja yao nzito ni ya dunia. Ukiujua Dungeons & Dragons unaweza kukaa meza yoyote, Nairobi au London. Sina jibu la kuibomoa yote, ni kweli. Pia ni kweli kwamba dadu ya pande 20 ikidondokea 20 kwenye pigano la mwisho, meza inalipuka kama bao la dakika ya 90, na huo ni utamu nisioukataa. Anayeutaka aununue, nitakwenda kwake kucheza. Ninachokataa ni kuitoa hazina ya watu 11, watano kati yao wanafunzi, ili wawili au watatu wawe tayari kwa meza ya London.

Pendekezo langu liko hivi. Karata tayari tunazo. Kuna mchezo unaoitwa The Quiet Year, wa Avery Alder, wa mwaka 2013, unaotaka karata 52 na karatasi kubwa nyeupe. Wote tunachora ramani ya kijiji kimoja, kila karata ni wiki moja, kopa ni majira ya kwanza na shupaza ni ya mwisho, na K ya shupaza ikitoka mwaka umekwisha. Hatuchezi mtu mmoja mmoja, tunacheza jamii: mfongo ukatike wapi, nani apewe maji kwanza, aliyepuuzwa afanye nini na kinyongo chake. Majira ya kule ni manne ya Kizungu. Sisi tutaweka masika na vuli zetu na mchezo hautalia. Mwalimu, kama bado anataka kutafsiri, aanzie hapo.

Na cha pili ni Dread, wa Epidiah Ravachol na Nat Barmore, wa mwaka 2005. Ni mchezo wa hadithi za hofu, na hauna dadu hata moja. Katikati ya meza unasimama mnara wa vipande vya mbao. Unataka mhusika wako afanye jambo la hatari? Chomoa kipande, kiweke juu. Mnara ukianguka mikononi mwako, mhusika wako ametoka. Unaweza pia kuuangusha kwa makusudi, ukafa kishujaa na jambo lako likafaulu. Hakuna anayehitaji kueleweshwa kanuni hizo, mkono unatetemeka wenyewe.

Mnara huo dunia nzima inauita Jenga. Ndiyo, ni kitenzi chetu kilekile. Aliyeupa jina ni Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika Mashariki akizungumza Kiswahili. Aliuzindua London mwaka 1983, mwaka uleule wa sabuni yetu. Leo boksi la Jenga linauzwa na Hasbro, haohao wenye Dungeons & Dragons. Sisemi tuwanunulie hilo pia.

Vipande ni 54. Urefu wa kila kimoja ni mara tatu ya upana wake, na unene ni sehemu moja ya tano ya urefu. Kuna fundi Njiapanda mwenye mabaki ya mgrivilea. Anataka elfu 15, na ameahidi kuvipiga msasa vyote kwa mkono, kwa sababu, anasema, kipande kikikwaruza mnara utaanguka kwa mtu asiyestahili.